Everest Alikuwa Nani Kabla Hajawa Mlima?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Moshi. Wanafunzi wamenibana kuhusu Mlima Everest: umepewa jina la nani? Nimesoma kwamba alikuwa ofisa wa jeshi la Waingereza kule India, kisha akawa mpima ardhi. Je, aliupanda? Alikuwa na mke na watoto? Mbona ukoo wake hausikiki? Na kazi yake ilitugusa kwa lolote sisi wa Afrika, au ni mambo ya India tu?"

Marahaba mwalimu. Nianze na lile ambalo wanafunzi wako wanalitaka zaidi. Hapana, hakuupanda. Wala hakuupima, wala hakuupa jina lake, na karibu ni hakika kwamba hakuwahi kuuona kwa macho. Alipostaafu na kupanda meli kurudi kwao mwaka 1843, hapakuwa na mpima yeyote aliyekuwa ameuelekezea darubini mlima ule ili kujua kimo chake. Jina alilobandikwa limefunika kazi yake halisi, na kazi hiyo ndiyo inayonifanya mimi, kama mpima, nimheshimu hata pale ninapoona tabia yake haipendezi.

George Everest alizaliwa tarehe 4 Julai 1790. Baba yake, William Tristram Everest, alikuwa mwanasheria wa Greenwich, kando ya London, na familia ilikuwa pia na makazi Gwernvale, karibu na Crickhowell huko Wales. Ndiyo sababu sehemu zote mbili zinadai kwamba alizaliwa kwao. Mama yake aliitwa Lucetta Mary Smith. Walikuwa watoto sita, na George alikuwa wa tatu kuzaliwa na mkubwa kwa wavulana. Mwaka 1806, akiwa kijana wa miaka 16 tu, alikwenda India kama luteni katika Kikosi cha Mizinga cha Bengal. Waambie wanafunzi kwamba jeshi hilo halikuwa la mfalme. Lilikuwa jeshi la Kampuni ya India Mashariki, yaani wafanyabiashara waliokuwa na askari, mahakama na watoza kodi wao.

Mtu wa mizinga akawaje mpima ardhi? Kwa kweli ni hatua fupi. Ofisa wa mizinga asiyejua pembe na umbali atapiga kanisa akidhani ni ngome. Tena Kampuni ilihitaji ramani kwa sababu mbili: kupeleka majeshi na kukusanya kodi ya ardhi. Mpima na askari walikuwa wanakula mfuko mmoja, na ni hivyo hivyo huku kwetu miaka mingi baadaye, ambapo mipaka yetu mingi ilipimwa na makapteni na maluteni wa Kiingereza na Kijerumani. Kati ya 1814 na 1816 Everest alikuwa Java, ambayo Waingereza walikuwa wameinyakua kwa Waholanzi, akipima kisiwa kwa amri ya gavana Stamford Raffles. Aliporudi Bengal alishughulika na usafishaji wa mito na minara ya kupelekeana ishara kutoka Calcutta kwenda Benares. Sifa zake zikamfikia mzee mmoja aliyekuwa akihitaji msaidizi.

Mzee huyo ni William Lambton, naye pia ofisa wa jeshi aliyegeuka mpima. Kazi yao huwezi kuielewa bila kumjua yeye. Mwaka 1802, karibu na Madras, Lambton alianza kitu ambacho wengi walikiona kichaa: kuipima India yote kwa pembetatu. Njia yenyewe wanafunzi wako wa kidato cha pili wanaweza kuielewa. Unapima mstari mmoja tu ardhini, kama kilomita 12, kwa uangalifu wa kupindukia. Lambton alitumia mnyororo wa chuma uliolazwa ndani ya masanduku juu ya vigingi, chini ya mahema ili jua lisiurefushe. Kisha unasimama kwenye ncha moja ya mstari na kupima pembe kuelekea kilima cha mbali, unahamia ncha ya pili unafanya vivyo hivyo. Ukijua upande mmoja na pembe mbili, hesabu inakupa pande zilizobaki. Upande mpya unakuwa msingi wa pembetatu inayofuata, na kuanzia hapo hushiki tena mnyororo ila kila baada ya mamia ya kilomita, kuhakiki kwamba hujapotea.

Chombo cha kupimia pembe, tiodolaiti, kilikuwa na uzito wa takriban nusu tani. Kilibebwa mabegani na watu. Mwaka 1808 kilipokuwa kikipandishwa juu ya hekalu la Thanjavur, kamba ilikatika na chombo kikagonga ukuta. Lambton alijifungia hemani kwa wiki kadhaa akinyoosha duara lake la shaba kidogo kidogo mpaka likarudi umbo lake. Huyo ndiye mwalimu ambaye Everest alikwenda kuwa msaidizi wake huko Hyderabad mwaka 1818.

Msimu wake wa kwanza msituni, kati ya mito Krishna na Godavari, karibu ummalize. Mvua ilisafisha hewa na vilima vya mbali vikaonekana vizuri. Mvua hiyo hiyo ilileta malaria. Kambi nzima ililala, na baadhi ya watu wake walikufa. Everest mwenyewe alidhoofika hata akapelekwa kupumzika Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka 1820. Hapo mwalimu uweke alama, kwa sababu nitaparudia: ndipo sisi tunapoingia katika habari hii.

Lambton alifariki tarehe 20 Januari 1823 huko Hinganghat, bado akiwa kazini, naye Everest akarithi kazi akiwa na miaka 32. Homa haikumwacha. Kuna kipindi viungo vyake vilikataa kabisa, ikabidi wasaidizi wamshushe kwenye kiti cha darubini na kumnyanyua tena akimaliza kusoma nyota. Mwaka 1825 alirudi Uingereza, akakaa miaka mitano, lakini hakukaa bure. Alitembelea mafundi wa vyombo, akachagua vipya na kujifunza mbinu zilizokuwa zikitumika Ireland. Mwaka 1827 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Aliporudi India mwaka 1830 alikuwa na vyeo viwili, mkuu wa upimaji ule mkubwa na Mpima Mkuu wa India.

Miaka 13 iliyofuata ndiyo iliyomjenga. Lambton alikuwa amefanya kazi kusini, penye vilima vya kusimamia. Everest alikuta mbele yake bonde la Ganges, tambarare tupu, vumbi hewani, miembe na vijiji vimezuia kila upande. Alijenga minara ya matofali ili darubini ivuke miti. Aligundua kwamba usiku hewa inatulia na kupinda mwanga kwa namna yenye manufaa, akaanza kupima kwa taa badala ya bendera. Na penye kizuizi alikata. Miti ya watu ilikatwa na nyumba zikabomolewa ili mstari wa macho upite. Watu walilalamika pia kwamba maofisa walioko juu ya minara wanachungulia kwa darubini zao nyumba za ndani wanakokaa wanawake. Tunapousifu usahihi wa ile kazi, tukumbuke kwamba gharama ililipwa na wanakijiji ambao hakuna aliyewauliza.

Tabia yake ilikuwa ya moto. Wasaidizi waliogopa barua zake kuliko chui. Mwaka 1839 aligundua kwamba wakubwa wa Royal Society walikuwa wamempigia debe ofisa mwingine, Thomas Jervis, arithi cheo chake, kana kwamba yeye amekwisha kufa. Everest alimwandikia rais wa chama hicho, mwana wa mfalme kabisa, mfululizo wa barua za kejeli kali na kisha akazichapisha zisomwe na kila mtu. Jervis hakukipata cheo.

Lakini mtu huyu mkali alikuwa na jicho la kutambua kipaji, na hapa naomba uwape wanafunzi majina mawili. La kwanza ni Radhanath Sikdar, kijana wa Calcutta aliyeajiriwa mwaka 1831 akiwa na miaka 18 kwa sababu hisabati yake iliwashangaza walimu wake. Everest alimthamini kiasi kwamba Sikdar alipotaka kuhamia kazi nyingine alizuiwa asiondoke. Sijui kama hiyo ni heshima au kifungo. Sikdar hakuwa mtu wa kunyamaza: mwaka 1843, huko Dehra Dun, alisimama dhidi ya hakimu wa Kiingereza aliyewabebesha mizigo kwa nguvu wafanyakazi wa idara ya upimaji. Akatozwa faini ya rupia 200 kwa kuwatetea. Wa pili ni Mir Mohsin Husain, fundi aliyeanzia kwenye kazi ya kutengeneza vitu vidogo vya thamani na kuishia kuchora upya vipimo kwenye duara la tiodolaiti kubwa, kazi ambayo hata Ulaya waliiweza wachache. Mwingereza aliyekuwa fundi mkuu alipoondoka, Everest alisimama kidete mpaka Mohsin akapewa nafasi.

Mwaka 1841 kazi ya msitari mkuu ilikamilika: mnyororo wa pembetatu kutoka ncha ya kusini kabisa ya India mpaka chini ya Himalaya, kufuata longitudo ya digrii 78, kama kilomita 2,400. Lengo lake halikuwa milima. Lilikuwa kujua umbo la dunia, yaani imebonyea kiasi gani kwenye ncha zake. Vipimo vya umbo la dunia alivyovitoa mwaka 1830 vimebeba ramani za India na majirani zake kwa vizazi. Makao yake ya miaka hiyo, nyumba iliyo juu ya kilima karibu na Mussoorie, bado ipo.

Sasa familia. Everest alimaliza ujana wake wote kambini bila mke. Tarehe 17 Novemba 1846, akiwa na miaka 56, alimwoa Emma Wing, binti wa miaka 23. Walipata watoto sita, na mmoja wao, Lancelot Feilding Everest, alikuwa mwanasheria kama babu yake. Mzee aliishi London kwa heshima, akapewa cheo cha Sir mwaka 1861, na kufariki tarehe 1 Desemba 1866. Amezikwa Hove, pwani ya kusini ya Uingereza. Wanawe waliishi maisha ya kawaida, wala si aibu.

Umeuliza mbona ukoo hausikiki. Unasikika sana mwalimu, ila si kwa jina la Everest. Alikuwa na mdogo wake, Thomas Roupell Everest, mchungaji wa Wickwar, aliyekuwa na imani kubwa na tiba za homeopathia za mganga aliyeitwa Hahnemann hata akaihamishia familia Ufaransa apate kuwa karibu na mganga huyo. Binti yake Mary alizaliwa mwaka 1832. Kwa hesabu zetu mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako, na Mary kweli alimpenda baba yake mkubwa aliyerudi kutoka India na habari za kila aina. Uzeeni aliandika kwamba George alijifunza mengi kwa wanazuoni wa Kihindu, na kwamba fikra hizo zilipenya katika hisabati ya Ulaya kupitia watu wa karibu naye. Hapo nadhani alizidisha chumvi kidogo, lakini inaonyesha alimtazamaje mzee.

Mjomba wake Mary, John Ryall, alikuwa mwalimu wa Kigiriki katika chuo cha Cork, Ireland, na huko ndiko Mary alikokutana na profesa wa hisabati aliyeitwa George Boole. Baba yake Mary alipofariki mwaka 1855, Mary akaolewa na Boole mwaka huo huo. Boole ndiye aliyefanya mantiki kuwa aljebra, kweli iwe 1 na uongo uwe 0. Simu iliyo mfukoni mwako inafanya kazi kwa hesabu hizo. Ndoa ilidumu miaka tisa tu. Mwishoni mwa 1864 Boole alinyeshewa akitembea kwenda kufundisha, akaingia darasani na nguo zilizolowa, akapata ugonjwa wa mapafu. Inasimuliwa kwamba Mary, aliyelelewa kwenye imani ya kwamba kinachosababisha ndicho kinachoponya, alimfunika kwa mashuka yenye maji. Boole alifariki Desemba 8.

Mary alibaki na mabinti watano, mdogo hajatimiza mwaka. Alihamia London, akapata kazi ya maktaba katika chuo cha wasichana, akawa mwandishi wa elimu ya hisabati kwa watoto. Zile kadi za kushona nyuzi zilizonyooka mpaka zinatokeza umbo lililopinda ni wazo lake. Na mabinti wake? Alicia hakusoma chuo kikuu hata siku moja, lakini aliweza kuona akilini maumbo ya vipimo vinne, na mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Groningen kilimpa udaktari wa heshima. Lucy, aliyebeba jina la Everest kama jina la kati, alikuwa mkemia aliyefundisha madaktari wanawake. Ethel aliandika riwaya ambayo ilisomwa na mamilioni ya watu Urusi na China, akaolewa na Wilfrid Voynich, mfanyabiashara wa vitabu vya kale. Margaret ndiye mama wa Geoffrey Ingram Taylor, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa mwendo wa maji na hewa.

Mary Ellen, mkubwa wao, aliolewa na Charles Howard Hinton, mwanahisabati aliyepatikana na hatia mwaka 1886 kwa kuoa mke wa pili kinyume cha sheria za Uingereza, akakimbilia Japani na kisha Marekani. Mjukuu wao Joan Hinton alishiriki kutengeneza bomu la kwanza la atomiki, akachukizwa nalo, akahamia China na kufuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote. Na kilembwe wa Boole na Mary ni Geoffrey Everest Hinton, aliyepata Nobeli ya Fizikia mwaka 2024 kwa misingi ya hii akili mnemba ambayo wanafunzi wako wanaifanyia kazi za nyumbani. Jina la kati si bahati. Ni la mpima wetu.

Nirudi kwenye mlima. Mrithi wa Everest, Andrew Waugh, aliwatuma wapima wake kutazama vilele vya Himalaya kutoka uwanda wa India, kwa kuwa Nepal ilikuwa imefunga milango. Kimojawapo kiliandikwa kama kilele namba 15. Hesabu zilizofanywa na ofisi ya Sikdar zilionyesha ndicho kirefu kuliko vyote, na mwaka 1856 Waugh akatangaza futi 29,002, yaani mita 8,840. Kile kisa cha Sikdar kuingia mbio chumbani kwa mkubwa wake akipiga kelele kwamba ameugundua mlima mrefu kuliko yote usikifundishe: Sikdar alikuwa Calcutta na Waugh alikuwa Dehra Dun. Kimo kilichotangazwa na Nepal na China mwaka 2020 ni mita 8,848.86. Kwa watu waliopima kutoka mbali zaidi ya kilomita 150, kukosea chini ya mita 10 ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Waugh alidai hakupata jina la wenyeji, akatoa la bosi wake wa zamani. Watibeti walikuwa wakiuita Chomolungma tangu enzi. Everest mwenyewe alipinga mwaka 1857, akisema jina lake wenyeji wa India hawawezi kulitamka. Alikuwa na kanuni ya kuandika majina ya wenyeji kwenye ramani, na mtu wake wa karibu akaivunja kwa kumsifu. Jumuiya ya Kijiografia ya London ikalipitisha mwaka 1865.

Sasa Afrika. Alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1820 na 1821, Everest hakulala tu kupunga hewa. Mfaransa Lacaille alikuwa amepima msitari hapo mwaka 1752, na majibu yake yalionyesha umbo la dunia upande wa kusini halilingani na la upande wa kaskazini. Everest alizunguka vituo vile vya zamani na kutazama milima iliyovizunguka. Fundi mwashi anaamini timazi yake inaning'inia wima kabisa, lakini mlima mkubwa una uzito, na uzito huvuta. Timazi ya Lacaille, ambayo kwayo alipima pembe za nyota, alisema Everest, ilikuwa imevutwa na milima, ndiyo maana nyota zake zilimdanganya. Thomas Maclear alipima upya miaka ya 1840 na kumthibitisha.

Kutokana na kazi ya Maclear, David Gill, mwanaastronomia wa Rasi, alianzisha wazo mwaka 1879 la kupima msitari kama ule wa India, safari hii kupita Afrika yote, kutoka kusini mpaka Misri kwenye longitudo ya digrii 30. Ulipita Uganda, na magharibi ya Tanganyika, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1930 ulipimwa na Martin Hotine, naye ofisa wa jeshi. Pengo la mwisho, lililokuwa Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Kutokana na msitari huo tulipata mfumo wa Arc 1960, yaani msingi wa kuhesabia latitudo na longitudo, ambao ramani za karatasi za Tanzania, Kenya na Uganda zimechorwa juu yake.

Hili unaweza kulifanya darasani. Chukua ramani ya zamani ya 1:50,000 ya eneo la shule yenu, soma latitudo na longitudo ya bikoni, yaani alama ya wapima iliyosimikwa ardhini, au ya njia panda inayojulikana, kisha nendeni mkasimame hapo na simu. Simu inatumia mfumo wa satelaiti, WGS 84. Msomo wa simu utatofautiana na wa ramani kwa takriban mita 300, sehemu kubwa ikiwa kwenye mwelekeo wa kaskazini-kusini. Mkipata tofauti ndogo sana, angalieni pembezoni mwa ramani. Huenda ni toleo jipya lililokwisha kubadilishwa mfumo.